Bi Fundi Anajibu: Nafasi tano chini ya paa moja

Toleo lililopita niligusia kwamba kila fundi ana gari analolitengeneza kwa mapenzi, hata mwenye gari asipolipa siku hiyo. Mstari ule mmoja umeniletea barua nyingi kuliko makala nzima ya breki. Mnataka kujua langu ni lipi. Basi mwezi huu maswali ya gari kuchemsha na kula oili nimeyaweka kando, yatarudi. Leo tuongee magari tunayoyapenda.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Nina miaka 22, nasoma ufundi wa magari hapa Mbeya. Bwenini tuna mchezo wetu: kila mtu anapewa gereji yenye nafasi tano na hela isiyoisha, kisha anataja magari atakayoweka. Mimi nimeweka Nissan GT-R R34, Toyota Supra, G-Wagon, Land Cruiser 300 na Lamborghini ya rangi ya chungwa. Mwenzangu mmoja anasema hiyo ni orodha ya mtu anayependa picha, si magari. Wewe ungeweka nini?
*Mwanafunzi, Mbeya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutetee kwa huyo mwenzako. Mtu anayeitaja GT-R kwa R34 yake anajua anachokipenda. Injini ya RB26, silinda sita kwenye mstari mmoja na turbo mbili, si picha ile. Na injini ya 2JZ ya Supra ina bloku la chuma ambalo watu wamelitia nguvu mara mbili ya zile za kiwandani na likavumilia. Ila wewe bado unasoma, na Supra huenda usiiguse kesho wala keshokutwa. Ndugu yake asiye na turbo, 2JZ-GE, amekaa ndani ya Crown za zamani za lita 3. Mwombe fundi unayemsaidia: siku ikija moja kubadilishwa mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, akuite uwepo. Ukishaishika kwa mikono yako, Supra yako ya ndotoni itakuwa na vyuma ndani.

Sasa zamu yangu. Kabla ya magari naijenga gereji yenyewe, maana zaidi ya miaka 30 nimefanya kazi chini ya mti wa mkungu. Mti ule naupenda kwa kivuli chake, lakini mchanga wake naujua. Ukishanywa oili unakuwa tope jeusi, na ukidondosha loki ya valvu, kile kipande kidogo cha nusu mwezi, huioni tena. Nimewahi kuchekecha mchanga kwa chujio la chai kuanzia adhuhuri mpaka magharibi nikitafuta kimoja. Kwa hiyo gereji yangu ina sakafu ya saruji iliyopigwa niru, nyeupe kabisa, hata sindano ikianguka inaonekana. Ina paa refu la bati, shimo la kushukia chini ya gari lenye ngazi na taa mbili, kompresa inayojaza upepo bila kulalamika, na choo cha wanawake chenye maji na komeo la ndani. Hicho cha mwisho nakitaka kuliko kompresa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa natembea mpaka mtaa wa pili kuomba choo kwenye nyumba za watu, mikono ina grisi, na nikirudi nakuta kazi niliyoianza kapewa mwingine. Nilikuwa nashinda bila kunywa maji. Msichana atakayejifunza kwenye gereji yangu atakunywa maji.

Nafasi ya kwanza ni ya Land Rover 109, Series III, ile ndefu. Baba yangu alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na 109 ndiyo iliyotulea. Wasomaji wa umri wangu mtakumbuka miaka ya shida ya mafuta, serikali ilipokataza magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Kwa wengi ilikuwa adha. Kwangu ilikuwa shule. Saa nane ikigonga gari limesimama uani, baba anavua shati, ananituma turubai, tunafungua. Kazi yangu nikiwa na miaka kumi ilikuwa kupanga bolti kwenye turubai kwa mpangilio uleule zilivyotoka, na kuzirudisha mkononi mwake bila yeye kugeuka. Nikimpa isiyo yake hakugomba. Aliirudisha kimya, akangoja.

Nitakuambia kitu kuhusu gari lile ambacho mtu wa pwani anakielewa haraka. Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi, hivyo Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 ikavishwa bodi la alumini, na zilizofuata zikaendelea hivyo. Ndiyo maana hewa ya chumvi ya Tanga inamaliza milango ya magari mengine lakini 109 inabaki na sura yake. Kinachooza ni chasisi chini, na chasisi unaichomelea. Series III ilikuja na sinkronaizi, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruzana, kwenye gia zote nne za mbele. Baba, aliyejifunzia kwenye Series II, aliendelea kupiga klachi mara mbili kila anaposhusha gia mpaka siku anakabidhi ufunguo. Nami nikipanda 109 leo mguu wangu wa kushoto unafanya vilevile.

Ya pili ni Peugeot 504 steshen, ya viti vya safu tatu na gia ya kwenye usukani. Pijo. Wafaransa waliitoa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya, lakini hayo ni ya kwao huko. Mimi niliipenda siku niliyofunguliwa injini yake. Magari mengi silinda zake zimetobolewa ndani ya bloku lenyewe. Zikilika, bloku linapelekwa kwa mchongaji, na kama mchongaji yuko Dar na wewe uko Sumbawanga, gari limelala mwezi. Za 504 ni slivu, yaani mirija ya chuma ya kuchomeka, zinazozungukwa na maji. Unang'oa nne za zamani, unaweka nne mpya na pistoni zake, palepale ulipo. Sharti ni moja: slivu ikishakaa lazima ichomoze juu ya bloku kidogo sana, unene wa ukucha wa mtoto haufiki, ili silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikikazwa iikandamize sawasawa. Ikizama, maji na oili vitakutana, na ukichomoa kijiti cha oili utaona maziwa.

Siku hiyo bosi wangu wa kwanza alifumba macho, akapitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya slivu zote nne, polepole, kama anayesoma. Akasema, "Ya tatu iko chini." Tukaweka rula ya chuma na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kweli, ya tatu. Tukaitoa, tukaipa gasketi ya chini iliyo nene zaidi kidogo. Nilijaribu kidole changu mahali palepale, sikuhisi kitu. Ilinichukua miaka miwili kuhisi. Siku niliyohisi nilimwita mzee wa watu kutoka kwenye chai yake, akaja na andazi mkononi, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye chai. Sijapata cheti kinachozidi kile.

Ya tatu ni Land Cruiser ya mkonga, hardtop ndefu yenye injini ya 1HZ. Silinda sita, dizeli, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta ya kupima mafuta. Ni pampu na nozeli basi. Injini ile ilianza mwaka 1990. Imebeba wagonjwa, askari, watalii na maiti, kwenye njia ambazo gari jingine lingegeuza. Asubuhi ya baridi inaamka kwa mlio mzito, kama mzee anayekohoa kabla ya kufungua kikao. Inauawa na jambo moja: watu wanaamini haifi, wanasahau mkanda wa taimingi. Kila kilomita 100,000, badilisha. Usingoje taa wala mtabiri.

Ya nne ni Mark II Grande, GX100. Nalisema bila haya, japo vijana wengi mnaliona gari la wazee wa mjini. Ndani yake kuna injini ya 1G, lita 2, silinda sita za mstari. Injini ya mpangilio huo inajisawazisha yenyewe, mtikisiko wa pistoni moja unafutwa na wa mwenzake. Siku moja nimemaliza kufunga ya mteja, nimeiwasha, nikaletewa chai ya rangi. Sikuwa na pa kuweka kikombe, nikakiweka juu ya kava ya injini nikaenda kujibu simu. Niliporudi kikombe kiko palepale, na uso wa chai unatetemeka kama maji ya mtungi mtu anapopita karibu. Nilisimama nikaitazama chai ile mpaka ikapoa.

Nafasi ya tano si ya aina ya gari. Ni ya gari moja. Nilikuwa na pikapu ya Datsun 1200, ya kijivu, ile ndogo yenye injini ya A12 ambayo fundi mmoja na msaidizi wanaitoa kwa mikono na kamba. Niliinunua imekufa, nikaifufua Jumapili kwa Jumapili kama nilivyofundishwa. Mwaka 1998 mama yangu alihitaji upasuaji, nikaiuza ndani ya siku mbili kwa mtu wa Kilosa. Mama alipona, akaishi miaka mingi baada ya hapo, sijutii hata shilingi. Lakini kila pikapu ndogo ya kijivu ikipita mbele yangu naangalia mlango wa kulia, chini ya kitasa. Nilichomelea kiraka pale, kina umbo la papai lililopasuliwa. Ukiliona huko Mbeya, niandikie.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Fundi. Umeandika kwamba Peugeot ndilo gari lililoumbwa kwa barabara zetu. Sisi tuliokwenda kando ya njia kutazama Safari Rally tukila vumbi twajua ni Datsun! Shekhar Mehta kashinda mara tano. Ndoto yangu ni 240Z nyekundu. Naweza kuagiza moja nje nikailetea hapa Mombasa?
*Mpenzi wa Datsun, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Heshima ya Mehta siigusi. Mwaka 1973 alishinda kwa hiyo 240Z yako, kisha akashinda minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, kwa Datsun ndogo ya sura ya kawaida, ambayo ungeipita sokoni usiigeukie. Hiyo ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Na Joginder Singh naye tusimsahau: 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Lakini hesabu yangu ya Peugeot nayo haijatoka hewani. 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Hizo mbili za katikati zilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Tanzania, na baba yangu aliwasimulia kama wengine wanavyosimulia mechi ya Simba na Yanga. Enzi hizo mbio zilikuwa bado za nchi tatu, kama zilivyoanza mwaka 1953. Kisha 504 ikashinda 1975, na dada yake wa milango miwili, 504 Coupé, mwaka 1978. Tofauti yangu na wewe ni hii: gari la mbio lina mafundi wanaolisubiri mbele kila baada ya kituo, na likimaliza siku zake chache linafunguliwa lote. Mimi nilipolisifu Pijo nilikuwa nafikiria lile lililobeba abiria tisa, mikungu ya ndizi juu na mbuzi wawili, kila siku, miaka 15, kwa fundi mmoja wa kijijini. Hapo ndipo ninapopimia gari.

Kuhusu kuagiza: kanuni ya kawaida ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na 240Z ni ya mwanzoni mwa miaka ya 70. Kwa hiyo tafuta iliyokwisha kuwamo nchini. Uliza kwa wazee waliocheza mbio, uliza familia zenye banda lililofungwa. Ukiipata, usianze na injini. Injini yake, L24, ni silinda sita imara na kabureta zake mbili zinajifunzika. Anza na kutu. Inua mazulia utazame sakafu, tazama chini ya betri, gonga chasisi kwa bisibisi ukisikiliza. Pakilia kavu, nunua. Pakilia kama unagonga biskuti, rudi nyumbani. Na ukiipata, ilaze mbali na upepo wa bahari.

SWALI: Dada Fundi, mimi na mume wangu tunagombana. Yeye anataka Harrier, mimi nataka IST. Hela ni ya kikoba changu na mkopo wake. Anasema IST ni gari ya mwanamke, kwamba yeye hawezi kuonekana nayo kazini. Tuna watoto watatu na mama mkwe anaishi nasi. Tuamulie.
*Mama watatu, Tabata*

JIBU: Mdogo wangu, nimesoma barua yako mara mbili nikihesabu vichwa. Wewe, baba watoto, watoto watatu, na mama. Sita. IST ina viti vitano. Harrier ina viti vitano. Mnagombania magari mawili ambayo yote yatamwacha mtu barazani siku ya Idi au Krismasi, na namjua atakayeachwa, ndiye mwenye miguu mibovu.

Gari la mwanamke halipo. Nimefungua injini za kila aina na sijakuta pistoni ya kike. Sababu ya kuipenda IST ni nzuri: ile ya 1500 ina injini ya 1NZ, inaendeshwa na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, inakunywa kwa adabu, na spea zake Kariakoo hazikosekani. Basi injini hiyohiyo utaikuta ndani ya Sienta, yenye viti saba na milango ya nyuma ya kusukuma. Mama hatanyanyua mguu juu wala kuinama sana, na mlango haugongi ukuta kwenye zile njia zenu nyembamba. Mkiona ni ndogo, Noah ipo, ila mafuta yataongezeka.

Kabla hamjalipa, nendeni yadi wote sita. Mketisheni mama safu ya pili, muulizeni magoti yake yanasemaje. Na mume wako mwambie kwa upole Harrier ni gari zuri, mimi mwenyewe napenda linavyokaa barabarani. Aliweke kwenye orodha yake ya ndoto kama huyu kijana wa Mbeya, mpaka wawili kati ya watoto wawe wanajitegemea. Chochote mtakachochukua, kichunguzwe na fundi wenu, si fundi wa muuzaji.

Nyongeza kwa wote wanaochagua gari mwezi huu: injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo mtaani zote tunaziita D4, zina tabia yake. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo haiziogeshi, na masizi yanajenga pale. Si gari baya, ila linataka fundi anayejua na mafuta safi. Kama unaishi mbali na vyote viwili, chukua ya kawaida.

SWALI: Binti yangu, mimi nimestaafu. Niliendesha Fiat 682 kwenda Zambia wakati barabara bado ni vumbi na tope, na mlima Kitonga nilikuwa nashuka kwa gia ileile niliyopandia. Nyie mnaongea magari madogo tu. Katika ndoto zenu malori hayamo?
*Dereva mstaafu, Iringa*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Yamo. Hayapiti mlangoni tu. Nje ya gereji yangu nakutengea uwanja wenye kokoto, lako litakaa chini ya mkungu kwenye kivuli, na wewe mwenyewe ndiye utakayeliwasha.

Na neno lako la Kitonga naomba madereva vijana walisome tena. Breki ya ngoma ikishikwa muda mrefu kwenye mteremko inachemka, na ikichemka inapoteza mshiko. Unakanyaga mpaka chini na lori halisikii. Gia ndogo inaifanya injini yenyewe izuie mzigo, breki zinabaki baridi kwa ajili ya dharura. Anayeshuka mlima ule kwa gia huru ili kuokoa mafuta anacheza na roho za watu walioko mbele yake. Mzee, kama una picha ya lori lile, itume tuichape hapa.

SWALI: Bi Fundi, dunia inakwenda kwenye umeme. Hata treni yetu ya SGR ni ya umeme. Mbona sijawahi kukusikia ukisifia gari la umeme? Nimeona Nissan Leaf ya mtumba inauzwa na imenivutia.
*Mtumishi, Dodoma*

JIBU: Nimepanda treni hiyo mpaka Dodoma, nikakaa nasikiliza chini ya sakafu muda mrefu. Ule utulivu ni mzuri, nimeupenda.

Leaf ilianza kuuzwa mwaka 2010. Kabla hujaipenda zaidi, jua kwamba betri yake haipozwi kwa maji, inategemea hewa tu, na joto linaizeesha. Washa gari, tazama geji ya chaji: pembeni yake kuna vijiti vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, na jipya lina 12. Vihesabu wewe mwenyewe. Kila kilichopotea ni umbali uliopotea, na haurudi kwa kuchaji. Pima pia safari zako: kwa mizunguko ya mjini Dodoma linaweza kukufaa sana, kwa kwenda Singida na kurudi hapana. Na fundi wako asiguse nyaya za rangi ya chungwa kama hajafundishwa. Umeme uliomo humo hauna mzaha wa ule wa betri ya volti 12.

Mimi mwenyewe nimeanza kusoma mambo hayo, jioni baada ya kazi. Siku nitakapoweza kulifungua na kulifunga kwa mikono yangu nitaongeza nafasi ya sita.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Nasoma darasa la sita hapa Tanga. Nataka kuwa fundi wa magari kama wewe. Kaka yangu anasema msichana hawezi hata kufungua nati ya tairi. Gari la kwanza uliloendesha lilikuwa lipi?
*Msichana wa darasa la sita, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu mzuri. Tuanze na nati. Kaka yako anafungua kwa nguvu za mikono, wewe fungua kwa uzito wako. Gari likiwa bado chini, kabla ya kupiga jeki, vuta hendibreki. Vaa viatu. Ingiza spana ya tairi kwenye nati, mkono wake ulale upande wako wa kushoto, sawa na ardhi. Shika bodi kwa mikono miwili, weka mguu kwenye ncha ya spana, kanyaga taratibu, usirukie. Ikikataa, mwombe mtu mzima bomba la chuma achomeke kwenye spana iwe ndefu zaidi, kisha kanyaga tena. Utasikia "kwaa!" kama mti mkavu. Fanya hivyo mbele ya baba au mama, na kaka yako awepo.

Gari la kwanza lilikuwa ile 109. Nilikuwa na miaka 13. Baba alinipeleka kwenye njia ya katikati ya mkonge, iliyonyooka mpaka macho yanachoka, akakunja magunia mawili akaniwekea kitini ili nione juu ya boneti. Alikaa upande wa pili na hakushika usukani hata mara moja. Mikono yake aliiweka juu ya magoti. Nilizima injini mara nne. Mara ya tano tulitembea, na mistari ya mkonge ikaanza kupita pande zote mbili kama kurasa za daftari.

Desemba nitakuwa nyumbani Muheza kwa wiki mbili, na 109 ya jirani yetu inahitaji kufungwa breki mpya. Mwombe mama yako mje wote, mwandikie mhariri atatuunganisha. Spana namba 10 nitakuwekea ya kwako. Wewe lete kanga ya zamani ya kufutia mikono.